Mgeni katoka mbugani, sasa anataka kuzamia baharini: aende wapi, na mwezi gani?

Msimu wa nyumbu ukikaribia, maswali tunayoyapata kutoka Nyakunguru na vijiji jirani vya Tarime na Serengeti huwa ya kazi. Vijana wetu wengi wanapata riziki kwenye kambi na hoteli za hifadhini: madereva, waongoza wageni, wapishi, wahudumu wa mapokezi. Na kuna swali moja la wageni linalowakwamisha: "Nikimaliza hapa nataka kwenda kuzamia. Unanishauri niende wapi?"

Wengi hujibu "Zanzibar" na mazungumzo yanaishia hapo. Si jibu baya. Lakini mgeni anayeuliza hivyo anataka kujua zaidi: kisiwa kipi, mwezi gani, upepo ukoje, aanze na mbuga au aanze na bahari. Swali hilo la mwisho, la kipi kianze, ndilo lililotufanya tuandike maelezo haya, kwa sababu jibu lake linagusa uhai wa mtu. Hewani hatukupata nafasi ya kuyamaliza. Hapa yapo kwa kirefu, uyasome kwa nafasi yako.

Soda ikifunguliwa ghafla

Tunaposema kuzamia hapa hatuna maana ya kupiga mbizi kwa pumzi moja, kama wafanyavyo watoto ziwani. Ni kushuka na mtungi wa hewa iliyoshindiliwa mgongoni, mrija mdomoni, miwani usoni na mapezi miguuni. Mtu anaweza kukaa chini dakika 40 hadi saa nzima, kutegemea kina na upumuaji wake.

Maji ni mazito. Kila mita 10 unazoshuka, shinikizo mwilini linaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu yetu tukiwa ufukweni. Ukifika mita 20 shinikizo limekuwa mara tatu ya lile la juu ya maji. Katika hali hiyo, gesi ya naitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, inayeyuka na kuingia kwenye damu na nyama za mwili kuliko kawaida.

Chukua chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni povu. Ukiifungua polepole, gesi inatoka kwa utaratibu. Ukiifungua ghafla inafoka. Mwili wa mzamiaji ni chupa hiyo. Akipanda juu polepole, na akasimama dakika tatu hivi kwenye mita tano kabla ya kutoka majini, naitrojeni inatoka kwa njia ya mapafu bila madhara. Akipanda haraka, mapovu yanajitengeneza ndani ya damu na kwenye viungo. Huo ndio ugonjwa wa wazamiaji, na unaweza kumpoozesha mtu.

Lakini kutoka majini salama hakumalizi habari. Naitrojeni inaendelea kutoka mwilini kwa saa nyingi baadaye. Katika saa hizo, mtu akipanda mahali pa juu ambako hewa ni nyepesi, ni kama kuilegeza tena kizibo ile chupa.

Kwa nini mbuga itangulie

Sasa tazama nchi yetu ilivyokaa. Bahari ipo sifuri. Arusha ipo karibu mita 1,400. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika kama mita 2,300. Kogatende, kule ambako nyumbu wanavuka mto Mara, ni karibu mita 1,500. Ndani ya ndege ya abiria iliyo angani, hewa huwa kama ya mlimani wa mita 1,800 hadi 2,400, na ndege ndogo zinazotua kwenye viwanja vya mbugani nyingi hazishindilii hewa kabisa.

Kwa hiyo mgeni anayezamia Mnemba asubuhi, kisha mchana akapanda ndege ndogo kwenda Serengeti, amejiweka hatarini. Vivyo hivyo anayezamia Jumatatu jioni na Jumanne alfajiri akaelekea Ngorongoro. Shirika la kimataifa la usalama wa wazamiaji, Divers Alert Network, linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka kwa aliyezamia mara moja tu bila kupitiliza muda wa kukaa chini, na angalau saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Aliyekwenda kina kirefu akalazimika kusimama kwa hatua wakati wa kupanda, asubiri zaidi ya hapo. Waendesha vituo vingi hurahisisha hesabu na kusema saa 24, nasi tunaona ndiyo ya kumwambia mgeni, kwani siku moja ya kupumzika ufukweni haijamuumiza mtu.

Njia rahisi ni kupanga safari kinyume: mbuga kwanza, bahari baadaye, na siku ya mwisho kabla ya ndege ya kurudi kwao isiwe ya kuzamia.

Tahadhari hii si ya Wazungu wenye ndege tu. Kijana wa Tarime aliyepata kazi ya kuzamia Dar es Salaam au Unguja, akimaliza kazi mchana na usiku akapanda basi la kurudi nyumbani, anapanda mlima bila kujua. Dodoma ni zaidi ya mita 1,100, Singida karibu 1,500. Basi halina mabawa lakini linapanda. Naye asubiri.

Na wewe uliye kambini, mgeni aliyetokea pwani akilalamika maumivu ya viungo, ganzi, kuwashwa ngozi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, miguu kukosa nguvu au kushindwa kukojoa, usikimbilie kusema ni malaria au uchovu wa barabara. Muulize jambo moja: "Ulizamia lini mara ya mwisho?" Kama ni ndani ya siku mbili zilizopita, mlaze chali, mpe oksijeni kama ipo gari la huduma ya kwanza au zahanati, mpe maji kidogo kidogo kama ana fahamu, na umwambie daktari waziwazi kwamba mtu huyu alikuwa chini ya bahari. Tiba yake ni kuingizwa kwenye chumba maalumu cha kurudisha shinikizo, na vyumba hivyo ni vichache mno katika ukanda wetu. Unguja kimekuwapo kimoja, Matemwe. Kumsafirisha kunataka ndege inayoruka chini au iliyoshindiliwa hewa, gharama ambayo bima ya kawaida ya safari mara nyingi hailipi. Ndiyo maana mzamiaji makini hukata bima ya uzamiaji kabla hajaondoka kwao.

Pepo mbili zinazoamua kila kitu

Huku kwetu mwaka tunausoma kwa mvua. Pwani wanausoma kwa upepo, na kwa mzamiaji upepo ndio kalenda.

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, ukitoka upande wa Arabuni na Bara Hindi. Ndio upepo ulioleta majahazi ya zamani Unguja na Mombasa. Maji huwa ya joto, nyuzi 28 hadi 30. Desemba na Januari kaskazi inaweza kuchafua bahari upande wa kaskazini wa visiwa, lakini Februari hadi katikati ya Machi mara nyingi bahari inalala.

Kusi huanza Aprili na kupata nguvu Juni, Julai na Agosti, kisha hufifia Septemba. Ni upepo wa kusini-mashariki, wenye nguvu kuliko kaskazi. Maji hupoa hadi nyuzi 25 hivi. Mtu wa Tarime atacheka akisikia hiyo inaitwa baridi, lakini saa moja chini ya maji ya nyuzi 25 bila nguo nzito ya kuzamia inatetemesha.

Katikati ya pepo hizi kuna vipindi vya utulivu. Kile cha Machi na Aprili huishia kwenye masika, mvua kubwa inayoshusha matope ya mito baharini, na chini kunakuwa na ukungu. Hoteli nyingi za Mafia na Pemba hufunga Aprili na Mei. Kile cha Oktoba na Novemba ndicho kizuri zaidi: kusi imekufa, kaskazi haijafika, na mvua za vuli kwa kawaida hazichafui maji kama masika.

Kuna jambo la tatu ambalo kila mkulima analijua bila kuambiwa, nalo ni mwezi. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji ya bahari hupanda na kushuka sana, hali wanayoiita bamvua, na mikondo kwenye milango ya visiwa inakuwa mikali kama mto. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na mikondo hulegea. Anayeanza kujifunza apange wakati wa maji mafu. Tazama juu tu usiku, huhitaji hata bando.

Mahali penyewe

Mnemba ni kisiwa kidogo kaskazini-mashariki mwa Unguja, kimezungukwa na matumbawe. Kasa wapo, pomboo wapo, samaki wa rangi kwa makundi, na kina si cha kutisha. Ndipo wengi wanapojifunzia. Ubaya wake ni umaarufu: siku za Julai na Desemba boti ni nyingi kiasi kwamba mgeni anaweza kuona mapezi ya wenzake kuliko samaki. Kwa anayeanza tunapashauri. Kwa mtu aliyekwisha zamia mara mia, tungemwambia aende mbali zaidi.

Upande wa Mji Mkongwe kuna miamba tulivu inayofaa kaskazi inapochafua kaskazini mwa kisiwa, na kuna mabaki ya Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za telegrafu iliyozama mwishoni mwa 1902. Hayako kina kirefu, kwa hiyo hata mwanafunzi anaweza kuyafikia.

Pemba ni habari nyingine kabisa. Unguja na Mafia vimekaa kwenye rafu ya bara, lakini kati ya Pemba na Tanga kuna mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Matumbawe yake yanashuka kama ukuta wa nyumba, na ukitazama chini unaona buluu ikigeuka nyeusi. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi, kimehifadhiwa tangu 1998. Milango ya Njao na Fundu ina samaki wakubwa na mikondo ya kweli. Pemba si mahali pa kujifunzia. Ni mahali pa mtu anayejua kuutawala mwili wake majini, anayeweza kukaa mita 20 bila kuzama zaidi hali chini yake hakuna sakafu. Mgeni akikwambia amezamia mara sita tu maishani, usimpeleke Pemba hata kama picha zake ndizo nzuri kuliko zote.

Mafia tungeikalia siku nzima kama tungepewa nafasi. Ndiko ilikoanzishwa hifadhi ya bahari ya kwanza Tanzania, mwaka 1995, kilomita za mraba 822, na vijiji vya wavuvi vimo ndani yake, jambo ambalo watu wa Serengeti watalitafakari kwa namna yao. Ghuba ya Chole imekingwa na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo pamoja na miamba, kwa hiyo hata kusi ikivuma kwa hasira nje, ndani ya ghuba mara nyingi panazamika. Nje ya ghuba, kupitia mlango wa Kinasi, kuna kuta na chewa wakubwa, lakini huko ni kwa miezi ya utulivu, hasa Septemba mwishoni hadi Februari.

Upande wa pili wa kisiwa, mbele ya mji wa Kilindoni, anatokea papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hang'ati mtu, anachuja vijidudu na visamaki vidogo. Msimu wa kumwona ni Oktoba hadi Machi. Watafiti waliowafunga vifaa vya kuwafuatilia waligundua kwamba wengi hawahami kwenda nchi za mbali msimu ukiisha, wanasogea tu kwenye kina ambako macho ya mtu wa boti hayafiki. Kwake huendi na mtungi. Unaogelea juu na miwani na mrija, humgusi, humzibi njia.

Kufika Mafia ni kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam au kwa chombo cha majini kutoka Nyamisati, Kibiti. Mgeni mwenye siku tatu tu asilazimishe.

Tusisahau visiwa vya Mbudya na Bongoyo, Dar es Salaam, hifadhi tengefu tangu 1975. Miamba yake iliumizwa sana na uvuvi wa baruti miaka iliyopita. Si kivutio cha kumtoa mtu Ulaya, lakini Mtanzania anayetaka kuonja kuzamia bila kulipa nauli ya kisiwani anaweza kuanzia hapo.

Kulinganisha nyumbu na upepo

Hapa ndipo kijana wa Mara anaweza kumshinda wakala wa mjini, kwa sababu anajua nyumbu wako wapi.

Mgeni anayekuja Julai au Agosti kuona nyumbu wakivuka mto Mara anakutana na kusi ikiwa na nguvu zake zote. Mwambie kweli: bahari itakuwa na mawimbi, maji ya baridi kidogo, na baadhi ya sehemu hazitafikika. Achague pwani iliyokingwa, yaani kaskazini-magharibi mwa Unguja, magharibi mwa Pemba kama ana uzoefu, au ndani ya ghuba ya Chole. Faida yake ni kwamba miezi hiyo nyangumi wanapita pwani yetu, na anaweza kuwaona au kuwasikia wakiimba chini ya maji.

Akiweza kusogeza safari hadi mwishoni mwa Septemba au Oktoba, anapata vyote. Nyumbu mara nyingi bado wako kaskazini, bahari imetulia, papa potwe wameanza kuonekana Mafia. Kama tungetakiwa kutaja mwezi mmoja tu kwa mtu anayetaka mbuga na bahari kwa safari moja, tungetaja Oktoba bila kusita.

Mwezi wa pili kwa ubora ni Februari. Nyumbu wanazaa Ndutu, kusini, bahari ina joto na imelala. Kazi ya upande wetu wa mto huwa imepungua, lakini ushauri wa kweli humrudisha mgeni mwaka mwingine.

"Mbona nasikia Karibi ndiko kwenyewe?"

Wageni wengi, hasa Wamarekani, wamejifunzia kuzamia bahari ya Karibi, na watalinganisha. Kule kanuni kubwa ni vimbunga: msimu wake ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele ni Agosti mpaka katikati ya Oktoba. Ndiyo maana wanaokwenda miezi hiyo huchagua visiwa kama Bonaire na Curaçao, vilivyo kusini karibu na Venezuela, ambako vimbunga hupita kwa nadra.

Sisi tuko karibu na ikweta, na karibu na ikweta vimbunga hushindwa kujizungusha. Kwa hiyo Oktoba, mwezi wa wasiwasi kule, ndio mwezi mtamu huku. Hilo ni jambo la kumwambia mgeni. Lakini usimwambie kwamba kimbunga hakifiki kabisa. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na Mei 2024 Hidaya kiliingia Mafia. Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa zisomwe, hasa kati ya Machi na Mei.

Jambo jingine la haki kumweleza ni hali ya matumbawe. Bahari ikipata joto kupita kiasi, matumbawe hupauka na mengi hufa. Ilitokea vibaya sana mwaka 1998, ikarudi 2016 na tena 2024. Sehemu nyingine zimepona vizuri, nyingine bado ni kifusi. Picha ya miaka kumi iliyopita isimdanganye. Aombe kituo kimwonyeshe picha za msimu huu.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii

Tunaulizwa pia kama mtoto wa bara anaweza. Anaweza. Sharti la kwanza ni kujua kuogelea: mita 200 mfululizo na kuelea dakika kumi, kwa mfumo unaotumika vituo vingi. Kozi ya mwanzo huchukua siku tatu hadi nne na inakupa ruhusa ya kushuka hadi mita 18. Ya pili inafika mita 30. Kuongoza wageni kunahitaji ngazi kadhaa zaidi, na uwe umetimiza miaka 18. Kiingereza kinahitajika, na Kiitaliano au Kifaransa ni mtaji kule Unguja.

Mwenye pumu, kifafa, tatizo la moyo au masikio yanayotoa usaha aonane na daktari kwanza. Mwenye mafua ya siku hiyo asishuke, hata bosi akisema nini.

Kabla hujalipia kozi popote, uliza mambo haya kwa simu: Boti ina oksijeni ya dharura, na imejaa? Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Kadi nitakayopata inatambulika nchi nyingine? Mitungi ilikaguliwa lini? Kituo kinachokasirika ukiuliza oksijeni, kata simu, piga kingine.